Je, nilimpenda yule msichana, au niliupenda wimbo?

Msomaji mmoja, mwanamume mwenye umri wa miaka 46, ameniandikia barua ndefu ambayo naifupisha hapa bila kubadili maana yake:

"Nimeoa, tuna watoto wawili, na ndoa yangu haina mgogoro. Majuzi nilikuwa naendesha gari nikiwa na mke wangu, redioni ukapigwa wimbo wa mapenzi uliovuma nilipokuwa na miaka 14. Kabla mwimbaji hajaanza kuimba nilihisi kifua kinabana na machozi yananilengalenga. Sababu ni msichana mmoja niliyesoma naye. Sikuwahi kumtamkia neno lolote la mapenzi. Tulisalimiana tu, na mara chache aliniazima daftari. Wakati ule niliurudia wimbo huo kila usiku kwenye kanda mpaka sauti ikaanza kuyumba, nikiamini kwamba ulitungwa kwa ajili yetu wawili. Mke wangu aliponiuliza nina nini, nilisingizia vumbi. Kinachonisumbua ni kwamba nyimbo tulizozipenda mimi na yeye tulipokuwa wachumba hazinitikisi hivyo. Je, nilimpenda kweli yule msichana? Je, bado nampenda? Nashawishika kumtafuta mtandaoni, angalau nijue yuko wapi. Na mke wangu nimwambie nini?"

Ndugu yangu,

Nianze na lile ambalo naona ndilo linalokukosesha amani. Machozi yaliyokulengalenga ndani ya gari si ushahidi kwamba bado unampenda yule msichana, wala si dalili kwamba ndoa yako ina upungufu ambao hujaugundua. Hata hivyo sitakujibu kwa kukwambia kwamba yale yalikuwa mambo ya kitoto yasiyo na maana, kwa sababu hayakuwa hivyo. Ulichohisi ukiwa na miaka 14 ilikuwa hisia halisi, pengine kali kuliko nyingi zilizofuata; ila yule uliyekuwa ukimpenda, kwa sehemu kubwa, hakuwa msichana aliyekuazima daftari bali mtu aliyetungwa na wimbo kisha akapewa sura ya msichana huyo. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, maana ukishalielewa jambo hilo maswali yako mengine hayatakuwa magumu sana.

Kwanza tuuondoe mzigo wa hatia. Unasema kifua kilibana kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na unaelekea kuamini kwamba wepesi huo unathibitisha kuwa kuna kitu kilichojificha moyoni mwako kwa miaka zaidi ya 30. Maelezo yake hayahitaji siri yoyote. Watafiti wa University College London walionyesha mwaka 2019 kwamba ubongo huweza kutofautisha wimbo unaoujua na usioujua ndani ya sekunde 0.1 hadi 0.3 tangu sauti isikike, yaani kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kuamua lolote. Na mwaka 2011 Valorie Salimpoor na wenzake huko Montreal, Kanada, waliwapima ubongo watu waliokuwa wakisikiliza muziki unaowasisimua hadi mwili ukawasisimka, wakakuta kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha, humwagika katika sehemu mbili kwa nyakati mbili: kwanza msikilizaji anapokingojea kipande anachokipenda, na kisha kipande hicho kinapofika. Wewe uliusikia wimbo ule mara nyingi kiasi kwamba ala za mwanzo peke yake zilitosha kuujulisha mwili wako kinachokuja. Mtu halaumiwi kwa jambo lililotokea mwilini kabla ya nia. Unachoweza kulaumiwa, na hata hapo kwa upole, ni lile vumbi.

Umri ulioutaja nao una habari yake. Wanasaikolojia wanaochunguza kumbukumbu wamejua tangu miaka ya 1980 kwamba watu waliokwisha kuvuka miaka 40, wakiombwa wasimulie matukio ya maisha yao, huleta mambo mengi zaidi ya kipindi cha kati ya miaka 10 na 30 kuliko ambavyo ungetarajia. Kwa upande wa nyimbo, kipindi hicho huwa kifupi zaidi. Mwaka 2020 Kelly Jakubowski na wenzake waliwaonyesha watu wazima, wa kuanzia miaka 18 hadi 82, majina ya nyimbo zilizovuma katika miongo mbalimbali na kuwauliza ni zipi zinazowarudisha kwenye tukio fulani la maisha yao. Kilele kiliangukia nyimbo zilizokuwa zikivuma msikilizaji alipokuwa na miaka 14 hivi. Linganisha na matokeo ya Morris Holbrook na Robert Schindler, ambao mwaka 1989 waliwauliza Wamarekani si nyimbo gani zinawakumbusha jambo bali zipi wanazipenda zaidi: hao kilele chao kilikuwa kwenye nyimbo walizozisikia wakiwa na umri wa takriban miaka 24. Mimi naiona tofauti hiyo kuwa na mafunzo makubwa, ingawa tafiti hizo mbili hazikufanywa kwa namna moja. Wimbo unaotutoa machozi si lazima uwe wimbo tunaousifu. Nathubutu kusema kwamba wimbo wako huo, kama ungetolewa wiki hii na mwimbaji usiyemjua, ungeuona wa kawaida tu na maneno yake ungeyaona mepesi. Na bado ungeendelea kukubana kifua kila unapopigwa ule wa zamani, kwa sababu kinachokubana si ubora wake.

Kwa nini iwe umri huo? Jibu linalotolewa haraka ni homoni, na mimi hulitilia shaka, si kwa sababu ni la uongo bali kwa sababu hutumiwa kufunga mazungumzo. Martha McClintock na Gilbert Herdt walieleza mwaka 1996 kwamba watu wengi hukumbuka kuvutiwa na mtu kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka kama 10, kabla dalili nyingi za balehe hazijaonekana wazi; kwa hiyo miaka minne baadaye mwili wako ulikuwa tayari na uzoefu kidogo. Ni kweli pia kwamba katika umri huo mfumo wa ubongo unaohusika na raha na tuzo huwa mwepesi sana kuamka, ilhali sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupima na kujizuia, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20. Lakini jambo ninaloliona kuwa zito zaidi liliandikwa na mwanasaikolojia Erik Erikson katikati ya karne iliyopita: kwamba mapenzi ya kijana balehe, kwa kiasi kikubwa, ni jitihada ya kujitambua, ambapo kijana humtupia mwenzake taswira ya nafsi yake ambayo bado haijatulia, ili aione ikirudi ikiwa wazi zaidi. Yule msichana alikusaidia kujiuliza wewe ni nani. Hakulazimika kukujibu ili akusaidie.

Hapa ndipo wimbo unapoingia. Mwaka 1957 mwanasosholojia wa Marekani, Donald Horton, alichambua maneno ya nyimbo zilizokuwa zikivuma wakati wake, akaona kwamba nyingi zinaweza kupangwa kama mazungumzo ya uchumba tangu mwanzo hadi mwisho: kutamani, kusihi, kuahidi, kufurahia, kutuhumu, kuachana, kukaa mpweke, kisha kuanza upya. Hoja yake ilikuwa kwamba vijana, ambao bado hawana maneno yao wenyewe ya kusemea mambo hayo na ambao huona aibu kuyasema hata wakiyapata, huazima maneno ya mtunzi mzoefu na kuyafanya yao. Mtunzi huyo mara nyingi alikuwa mtu mzima aliyekaa ofisini akiandika kwa ajili ya soko, jambo ambalo kijana halijui wala halimhusu.

Fikiria basi hali yako wakati ule. Ulikuwa na msisimko usio na jina, na mbele yako palikuwa na msichana ambaye ulijua kumhusu mwandiko wake, sauti yake ya kusalimia, na njia anayopita akienda nyumbani. Kisha ukaja wimbo uliokwambia kwamba msisimko huo ni mapenzi, kwamba mapenzi hayo ni ya milele, kwamba yeye ndiye pekee duniani, na kwamba bila yeye utaangamia. Mambo yote hayo manne hukuyajua kutokana na kumfahamu msichana. Uliyapata kwenye kiitikio. Na wimbo uliyapokea mapenzi yako bila pingamizi kwa sababu karibu kila wimbo wa namna hiyo huimbwa na "mimi" asiye na jina kwa "wewe" asiye na jina. Grant Packard na Jonah Berger waliochunguza nyimbo zilizoshika chati za Marekani walionyesha mwaka 2020 kwamba nyimbo zinazomtaja zaidi "wewe" huelekea kupendwa zaidi, na maelezo yao ni kwamba msikilizaji anaposikia "nakuwaza" au "nakuhitaji" hamfikirii yule mpenzi wa mwimbaji, bali mtu wa maishani mwake mwenyewe. Nafasi huachwa wazi, na kila msikilizaji huijaza kwa anayemtaka. Uliamini kwamba wimbo ulitungwa kwa ajili yenu wawili, na kwa maana hiyo hukukosea sana, ila tu mlikuwa ninyi na maelfu ya wengine kwa wakati mmoja.

Kuna kanda pia, na kwa maoni yangu kanda yako ina mchango mkubwa kuliko unavyodhani. Kaseti ilipoingia sokoni mwaka 1963 kutoka kampuni ya Philips, na hasa redio kaseti zilipoenea majumbani, kijana aliweza kufanya jambo ambalo redio peke yake haikumruhusu: kuurudisha wimbo nyuma na kuusikiliza tena, usiku, peke yake, mara zozote atakazo. Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, hata bila sababu nyingine, hutosha kuongeza mwelekeo wa kukipenda. Lakini wewe hukuwa ukiurudia wimbo tu. Kila ulipobonyeza kitufe ulimwita yule msichana pamoja nao, na kwa kuwa ulikuwa na mambo machache mno ya kweli ya kukumbuka juu yake, ilibidi uongeze: alivyokutazama, alivyokusudia kusema, ambavyo angejibu. Tangu Frederic Bartlett aandike juu ya jambo hili mwaka 1932, wataalamu wa kumbukumbu wamekubaliana kwamba kukumbuka ni kujenga upya kuliko kutoa ghalani. Basi usiku baada ya usiku uliijenga nyumba ile, na matofali mengi yalitoka kwenye beti. Hakuna siku hata moja ya ndoa yako, hata ile ya harusi, ambayo umewahi kuirudia kichwani kila usiku kwa miezi kwa muziki uleule.

Ukitaka kuyahakikisha haya, yapo majaribio mepesi ambayo huwapa watu wanaonijia na swali kama lako. Chukua karatasi uandike yale tu unayoyajua kwa hakika juu ya msichana yule: alichopenda kula, aliyemwogopa, kilichomchekesha, alivyokuwa akikasirika, alichotaka kuwa. Usiandike ulichokisia. Wengi hufika mstari wa tatu au wa nne wakaishiwa. Kisha andika maneno ya wimbo kutoka kichwani. Nina hakika utayaandika yote, pamoja na ile sehemu ya kuhemahema kabla ya ubeti wa mwisho.

Je, hayo yalikuwa mapenzi? Wenzangu katika fani hii hawakubaliani, na mimi ninao msimamo wangu. Mwanasaikolojia Dorothy Tennov, aliyewahoji mamia ya watu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1979, alieleza hali ya kuzimika juu ya mtu kwa namna ambayo nadhani utajitambua ndani yake: fikra zisizokaribishwa zinazomrudia mhusika kila wakati, kuzisoma ishara ndogo kana kwamba ni barua, woga wa kukataliwa unaomfanya mtu awe bubu mbele ya anayempenda, na juu ya yote, mchanganyiko wa tumaini na shaka. Tennov aliona kwamba mchanganyiko huo ndio chakula cha hali yenyewe. Ukikubaliwa waziwazi, hali hiyo hutulia ikageuka kuwa kitu kingine; ukikataliwa waziwazi, hatimaye hufa; lakini ukibaki katikati, huendelea. Wewe ulibaki katikati. Hukusema, kwa hiyo hukujibiwa, na kwa kuwa hukujibiwa hakuna siku ambayo jambo hili lilikwisha. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Wewe ulikibana kikohozi chako hadi shule ikaisha. Mimi siiti hali hiyo mapenzi kwa maana kamili, kwa sababu mapenzi kwa maana hiyo yanahitaji kumjua mtu na kujulikana naye, mkaudhiana, mkaombana radhi. Lakini ninawapinga vikali wazee wanaomcheka kijana mwenye hali hiyo. Hapo ndipo mtu hujifunza kwa mara ya kwanza kwamba furaha yake inaweza kukaa mikononi mwa mtu mwingine, na somo hilo huuma kweli, hata kama anayefundisha hajui kwamba anafundisha.

Sasa swali lako kuhusu nyimbo za uchumba wenu, ambalo naona ndilo limekuumiza kuliko yote. Jibu lake linatoka moja kwa moja katika hayo niliyosema. Kumbukumbu zako juu ya mke wako zimetawanyika katika maisha yako yote: katika harufu ya nguo zake, katika sura za watoto wenu, katika magonjwa mliyouguzana, katika madeni mliyolipa, katika utani ambao hakuna mwingine anayeuelewa. Hazihitaji wimbo ili zirudi, kwa sababu hazijawahi kuondoka. Nyimbo mlizozipenda mkiwa wachumba mmezisikia tena baadaye mkiwa mnapika, mkiwa safarini, mkiwa mmenuniana, na kila mara zimebeba jambo jipya hadi haziashirii tukio moja pekee. Yule msichana, kinyume chake, hana makao mengine ndani yako isipokuwa dakika zile chache za wimbo ambao hupigwa kwa nadra. Yote yaliyo yake yamerundikwa hapo, na ndiyo maana hukujia yote kwa pamoja. Ukali huo unapima uchache wa kumbukumbu zenyewe na jinsi zilivyotengwa mahali pamoja, wala haupimi nani alipendwa zaidi.

Na hapa niseme neno juu ya mafunzo ya nyimbo hizo, maana naogopa kwamba kuna kipimo kimoja ulichokipata humo na unakitumia hadi leo. Santuri za zamani, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba muziki wa takriban dakika 3 tu kwa upande mmoja. Santuri ndogo ya mizunguko 45, iliyoletwa na RCA Victor mwaka 1949, haikuongeza muda mwingi. Na hata vyombo vilipobadilika, wimbo wa kuvuma ulibaki mfupi. Katika muda huo mtunzi anaweza kusimulia mapenzi yanapoanza au yanapovunjika. Ile miaka 15 au 20 ya katikati, ambayo ndiyo ndoa yenyewe, haina nafasi, na hata ingekuwa nayo ni vigumu kuitungia kiitikio. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyelelewa na nyimbo hizo hujifunza kuyatambua mapenzi kwa tetemeko la mwanzoni au kwa uchungu wa mwishoni, na akikaa mahali ambapo hatetemeki wala haumii hudhani kwamba mapenzi yamehama. Ndicho unachokifanya unapomlinganisha mke wako na wimbo. Mbaya zaidi, ingawa hili halikuhusu wewe ambaye hukusema lolote, nyimbo nyingi za enzi zetu zilimsifu mwanamume anayekataliwa na kuendelea kusihi, kufuata na kusubiri mlangoni, kana kwamba hapana ya msichana ni ubeti wa kwanza tu. Watoto wako wakifika umri huo, msiwafungie nyimbo; wasikilizeni nao, na sehemu kama hiyo ikifika, izungumzieni.

Tuje kwenye kumtafuta. Najua unajiambia kwamba kutazama tu jina mtandaoni si kosa, na sitakwambia kwamba ni kosa. Nancy Kalish, mwanasaikolojia wa Marekani, alikusanya katika miaka ya 1990 simulizi za watu zaidi ya 1,000 waliojaribu kurudiana na wapenzi wao wa zamani, na wengi wa waliorudiana walikuwa wakirudi kwa mpenzi wa ujanani. Waliokuwa huru, wajane au waliokwisha kuachika, baadhi yao walijenga mahusiano imara sana. Lakini baadaye Kalish mwenyewe aliwaonya wazi walio katika ndoa, kwa sababu aliwaona wengi walioanza kwa salamu tu, bila nia yoyote, wakajikuta wamezama kabla hawajajua. Na hao angalau walikuwa wamewahi kupendana. Wewe hukuwa mpenzi wa yule msichana. Yeye huenda hakumbuki hata lile daftari. Ukimwandikia, utamkabidhi mwanamke mgeni, mwenye maisha yake, jukumu la kumjibu kijana wa miaka 14 ambaye hakuwahi kujitambulisha kwake. Ukiishia kutazama picha yake bila kumwandikia, utakuwa umejirudishia kile kile alichokitaja Tennov, tumaini kidogo na shaka kidogo, safari hii kwenye simu iliyo mfukoni mchana kutwa. Ushauri wangu ni kwamba usimtafute.

Huenda ukanijibu kwamba kinachokuuma si yeye bali ni kutosema. Hilo nalielewa, na lina ushahidi: Thomas Gilovich na Victoria Medvec walionyesha katikati ya miaka ya 1990 kwamba kwa muda mfupi watu hujutia zaidi waliyoyafanya, lakini wakitazama maisha yao yote hujutia zaidi wasiyoyafanya. Majuto ya namna hiyo hayaponywi kwa kumfuata mtu aliyehusika. Kama kuna maneno unayoyabana hadi leo mbele ya mke wako, kwa aibu ileile iliyokuziba mdomo ukiwa shuleni, hayo bado hayajapitwa na wakati.

Kuhusu wimbo wenyewe, usiukimbie. Usikilize mzima, ukiwa umetulia, hata mara kadhaa. Ila fahamu kwamba ukiuweka miongoni mwa nyimbo unazozisikia kila siku utapungua nguvu, kwa sababu utaanza kubeba mambo ya sasa kama zilivyofanya nyimbo zenu. Ukipenda ubaki na nguvu yake, uache uje wenyewe kwa nadra. Chaguo ni lako, na hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo mawili.

Mke wako mwambie, na usichelewe sana, kwa sababu alikuona machozi na hakuna mwanamke mtu mzima anayeamini habari za vumbi ndani ya gari lililofungwa vioo. Lakini chagua unachokisimulia. Ukianza kwa kusema kwamba ulimkumbuka msichana fulani, utamlazimisha ajilinganishe na mtu ambaye, kama nilivyoeleza, karibu hayupo. Anza na mvulana: alikuwa na umri gani, alilala chumba gani, kanda ilivyokuwa ikiyumba, alivyoogopa kusema. Msichana atajitokeza katika masimulizi kwa ukubwa wake halisi, ambao ni mdogo. Kisha muulize yeye wimbo wake ni upi, maana naye alikuwa na miaka 14. Akikutajia wimbo na ukahisi wivu kwa kijana usiyemjua wa miaka mingi iliyopita, uvumilie wivu huo, na maswali yako ya kwanza yawe juu ya wimbo: aliusikia wapi, aliupigaje tena na tena, alidhani unasema nini. Ya kijana huyo mwachie ayataje mwenyewe akitaka.